Shukrani Zilizomhamisha Bwana Chonga Ibada

Kwa masikitiko makubwa, familia inalitangazia taifa zima la Kenya kwamba Mzee Ngowa Dzoro, Mkenya wa mwisho aliyeridhika, ametutoka. Tumebaki sisi wa kununa. Bendera haitateremshwa nusu mlingoti, maana wa kuiteremsha naye amegoma.

Marehemu alizaliwa Rabai tarehe 9 Agosti 1937, mtoto wa tatu wa Dzoro Gunga na Mirriam Kadzo. Mama yake alisimulia kwamba aliponyonya mara ya kwanza alishiba, akatabasamu, akalala. Wazee walidhani ana kasoro.

Alisoma shule ya misheni huko huko Rabai, akamaliza darasa la nane mwaka 1953. Siku moja alichapwa kwa kuchelewa. Akajipangusa suruali, akasema, "Ahsante, mwalimu, nilikuwa nasinzia." Mwalimu aliitazama fimbo, akamtazama mtoto, akairudisha fimbo kabatini. Wenzake wanasema wiki ile hakuchapwa mtu.

Jumamosi tarehe 5 Desemba 1964 alifunga ndoa na Kanze, wakaja kuishi Bondeni, wakajaliwa Mercy na Kaingu. Mkaza mjomba wangu Kanze amesema niandike hivi hivi: "Wali wangu wa kwanza uliungua. Akala ukoko wote, akanishukuru. Nikasema moyoni, huyu ama anipenda ama anicheka. Mpaka leo sijajua."

Kazi alianza Kilindini mwaka 1958, akapanda mpaka kuwa karani wa godauni katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Tangu 1985 meneja wake alikuwa Bwana Chonga. Bwana Chonga tuko naye leo, yule pale mbele, kwenye kiti chenye mto. Ameiomba kamati ya mazishi aandikwe humu kama "mwajiri aliyempenda marehemu". Kamati imekubali. Kwa hiyo namwandika.

Alimpenda hivi. Kila asubuhi chai ikimiminwa, Bwana Chonga alibonyeza kengele kumwita. Haikuwa na haja kengele ile. Alitaka tu ajulishwe saa, na ofisini kwake saa ilikuwepo ukutani. Marehemu aliporudi mezani alikuta chai imepoa, imeshika utando. Akautoa kwa kijiko, akanywa.

Mwaka 1992 nchi ilikuwa imevimba kwa hasira. Sukari ilipotea, unga ulipanda, maji ya mfereji yalikuja yanapotaka. Hata waliokuwa na sukari walilalamika wasije wakaombwa. Katikati ya hayo marehemu alikaa nje ya duka la Sheikhan, jirani yetu, akiusifu upepo.

"Ngowa, hakuna sukari, hakuna maji, wewe washukuru nini?"

"Kivuli cha duka lako, Bwana Sheikhan."

"Usiseme kwa sauti, baraza la mji likisikia litakitoza kodi."

Wengine hawakutania. Walimwita kibaraka wa serikali, wakaacha kumwamkia, ila maji ya mtungi wake waliendelea kuyanywa. Mnajijua. Wengine mnajipepea na karatasi hii hii yenye picha yake. Jipepeeni. Yeye angewaambia ahsanteni kwa kuja.

Februari 1993 walikuja wageni kutoka makao makuu Nairobi. Wafanyakazi walikuwa karibu kugoma, na Bwana Chonga alitaka wageni waone watu wenye furaha. Akamteua marehemu atoe neno la shukrani, kwa kuwa huyu hana ubaya. Marehemu akasimama.

"Twamshukuru Bwana Chonga kwa feni. Siku ile ilipozunguka, tulipata hewa nzuri sana. Twamshukuru kwa choo kufungwa. Godauni la pili wametukaribisha chao, tumepata marafiki. Na soda ya leo twashukuru. Ni baridi."

Mgeni mmoja aliweka chupa chini, akaomba aonyeshwe hiyo feni. Cheo alichokuwa akikingojea Bwana Chonga kilikwenda kwa mtu mwingine.

Wiki iliyofuata marehemu alihamishiwa uwanja wa makontena, juani, bila kiti. Akapita ofisini kusema ahsante, mgongo wake ulikuwa ukitaka joto. Tarehe 30 Juni 1994 aliachishwa kazi, bila hata mkono wa kwaheri.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, alisimama kanisani. "Bwana asifiwe. Namshukuru Mungu kwa Bwana Chonga aliyeniachisha kazi. Siku hizi nanywa chai ikiwa moto."

Kanisa zima liligeuka kumtazama Bwana Chonga, aliyekuwa akitafuta wimbo kitabuni na hakuupata. Jumapili ya pili, marehemu alimshukuru kwa usingizi wa mchana. Ya tatu, kwa shuka iliyokaushwa juani, ambayo zamani alikuwa hayupo nyumbani kuinusa. Bwana Chonga akahamia ibada ya saa nne. Marehemu naye akaipenda ibada ya saa nne. Bwana Chonga akahamia ibada ya Kiingereza. Marehemu, na mvi zake, akamwomba Mercy amfundishe Kiingereza, na neno la kwanza alilotaka kulijua ni chai.

Bwana Chonga, usiinuke. Umebaki ukurasa mdogo tu, na mto ni wa kwako.

Mwaka 1998 marehemu alipatikana na ugonjwa wa sukari, yeye ambaye sukari yenyewe alikuwa haipati. Machi mwaka huu figo zilichoka, akalazwa. Kitandani walikuwa wawili; akashukuru kwamba mwenzake hakoromi. Alifariki Jumanne tarehe 13 Aprili 1999, asubuhi, baada ya kumaliza kikombe chake. Hakuna aliyepiga kengele.

Ameacha mjane, Kanze, watoto, Mercy na Kaingu, mkwe, Eddah, wajukuu wanne, mpwa wake Sammy, aliyeacha chuo kikuu na ndiye msomaji wenu, na mwajiri aliyempenda, ambaye kuanzia kesho anaweza kurudi ibada ya Kiswahili. Mungu amlaze Mzee Ngowa penye kivuli na upepo, asiitwe na mtu.

Jumapili kabla hajatutoka aliomba kusomewa yatakayosemwa siku yake. Nikamsomea mpaka pale pa ibada ya Kiingereza, wodi nzima ikicheka, mwenzake wa kitandani akipiga makofi. Nikamwuliza, "Mjomba, leo sema kweli. Miaka yote hii, Jumapili baada ya Jumapili. Ulikuwa ukimlipiza kisasi, sivyo?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwake.

"Kisasi cha nini?" akasema. "Chai ilikuwa moto."