Ato Demisew Wondafrash, Fundi wa Adama, na Simu Aliyoikana

Wapendwa waombolezaji, majirani na wana idir, wenzetu wa chama cha kuzikana, historia hii inasomwa na Bezawit, binti wa marehemu, na sehemu yake moja marehemu mwenyewe aliagiza isomwe bila kupunguzwa neno.

Ato Demisew Wondafrash alizaliwa tarehe 12 Tahsas 1956 kwa kalenda yetu ya Ethiopia, mjini Huruta, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Wondafrash Areru, mkulima wa ngano, na Weizero Yeshimebet. Alisoma Huruta hadi darasa la nane, kisha akajiunga na chuo cha ufundi hapa Adama, akahitimu mwaka 1975, akaajiriwa katika gereji ya kampuni ya mabasi, na mwaka 1989 akafungua gereji yake mwenyewe nyuma ya soko la mifugo, ambako wengi wenu mlimfahamu kwa mikono yake na kwa ukali wake.

Tarehe 4 Ginbot 1983 alifunga ndoa na Weizero Askale Tesema, wakajaliwa watoto wawili, Bezawit na Yabsira.

Magari ya umeme yalipoanza kujaa barabarani, marehemu alikuwa na miaka karibu sitini. Hakupenda kufundishwa, na Bezawit, aliyesomea umeme, alipomletea kompyuta ya kupimia magari hayo alimjibu, "Mwanangu, joto ni joto tu, nimepoza injini kabla hujazaliwa."

Mwezi wa Miyazia 2016 gari la umeme la zahanati moja ya hapa mjini lililetwa kwake likivuja maji ya kupozea betri, akabadilisha mpira wa maji uliopasuka, akajaza maji mapya mpaka kwenye alama, akalirudisha siku hiyo hiyo. Tarehe 17, saa saba mchana, dereva wa zahanati, Ato Girum Lakew, alikuwa akimleta mama mwenye uchungu kutoka Metehara, jua likiwa kali kama mnavyolijua jua la kule, taa ya joto ikawaka, akasimama kando, akapiga simu.

"Gashe Demisew, taa ya betri imewaka, nifanye nini?"

"Maji nimejaza mwenyewe, Girum. Hiyo taa inakutisha bure. Endelea."

Aliendelea. Baada ya kilomita sita gari lilijipunguzia nguvu, likatambaa, likazimika, na mama yule akajifungulia kando ya barabara chini ya shuka lililoshikwa na abiria wa lori. Mtoto alipona, na mama alipona pia, lakini kwa damu ya kuongezewa na majuma matatu kitandani.

Siku tisa baadaye, katika kikao uwanjani pa zahanati, mbele ya wafanyakazi wote, marehemu aliulizwa kama dereva alimpigia simu. Alifunua gari, akaonyesha chombo cha maji kimejaa, akawasikilizisha pampu inavyolia, akasema, "Hakunipigia. Kosa liko kwenye mguu wake, amelikimbiza." Ato Girum alifukuzwa kazi, na mjini akaitwa muuaji ambaye hakuua, hata mkewe akawa anaenda kununua nafaka ya teff mtaa wa mbali.

Mwezi wa Hidar 2017 lililetwa gari jingine lenye ugonjwa ule ule wa taa ya joto, nalo lilikuwa limeshabadilishiwa mpira. Rejeta ilikuwa safi, feni ilizunguka, maji yamejaa, pampu ikilia. Bezawit alishika mabomba mawili ya betri, akamwambia baba yake naye ashike, moja likaunguza, la pili baridi kabisa. "Maji hayazunguki, baba," alisema. "Kuna upepo umenaswa ndani. Kwenye haya magari kujaza hakutoshi." Waliinua gari upande wa mbele, wakaiamuru pampu kwa kompyuta, wakakamua mipira na kuongeza maji, na upepo ukatoka ukibubujika kwa dakika arobaini, mpaka mabomba yote mawili yakawa na joto moja. Marehemu alikaa juu ya tairi, akafunika uso kwa kitambaa chenye grisi, akasema, "Lile la Girum sikulitoa upepo. Na alinipigia."

Alimwomba binti yake anyamaze, naye akanyamaza miezi tisa, akala naye injera kila siku, na aibu hiyo ni yake pia anapowasomea.

Mwezi wa Megabit mwaka huo figo za marehemu zilianza kushindwa. Alikwenda nyumbani kwa Ato Girum mara mbili akaishia getini na kurudi, mara ya tatu, mwezi wa Nehase, akaingia, akaungama. Ato Girum alimsikiliza, kisha akasema, "Gashe, hukunivua nguo humu chumbani. Nenda ukaseme pale pale uliposemea." Kesho yake marehemu, akishikiliwa na mkewe, alisimama uwanjani pa zahanati, akasema yote. Uongozi ulimwandikia Ato Girum barua ya kumsafisha, lakini kazi ilikuwa na mtu mwingine. Kusamehe, hakusema kama amesamehe.

Ato Demisew alifariki tarehe 6 Tir 2018, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi wenzake, majirani mliopika na kusimamisha hema, na wana idir. Ato Girum Lakew amekaa nasi humu hemani tangu jana. Hakutuomba tusome haya, wala hakutuomba tuyaache. Kwako, kaka, na kwa mkeo na watoto wako, tunasimama sote tulio wa nyumba hii, na tunaomba radhi.

Baba, pumzika. Yaliyobaki tutayabeba sisi.