Bega la Kulia la Mama Concy

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Bi. Concy Aloyo, mtaalamu wa fiziotherapia katika kliniki yetu ya Kansanga, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Ni binti wa koplo wa polisi, amekulia kambini, na Kiswahili chake ni cha gwaride: kifupi, amri nyingi, kubembeleza hakuna. Wapo wagonjwa waliosimama wima kabla hajamaliza kuwaambia walale.

Alianza na vitambaa vya moto na mafuta ya kuchulia. Mwaka 2013 kliniki ilipopata mashine ya umeme, yeye ndiye aliyepelekwa mafunzoni. Tiba yenyewe haina makuu. Sindano nyembamba isiyo na dawa huchomwa kwenye fundo la msuli na kuunganishwa kwa waya, kisha umeme mdogo wa betri huufanya msuli uchezecheze mpaka ulegee. Kazi ilikuwa kuieleza. Wapo walioona sindano bila dawa ni wizi. Wengine, kwa kuujua umeme wa Kampala, waliuliza itakuwaje ukikatika katikati.

Mgonjwa wa kwanza wa mashine hiyo alikuwa Mama Julienne, fundi cherehani kutoka Bukavu, ambaye shingo ilimkaza hata hawezi kuinamia kazi yake. Alitangaza mlangoni kwamba yeye hataki shindano. Kwao Kongo, shindano ndiyo sindano. Mama Concy hakulijua hilo, akamhakikishia kwamba hapa hakuna shindano lolote, hakuna mshindi wala zawadi, kila mtu anahudumiwa kwa zamu yake. Julienne akalala kifudifudi kwa amani. Alipogeuka akaiona sindano, kliniki nzima ilisikia Kiswahili cha Bukavu, na Kifaransa kidogo.

Suluhu aliileta Julienne mwenyewe: sindano atakubali, lakini kitufe cha kuongeza umeme atakishika yeye. Mama Concy, ambaye kupewa amri hakukuzoea, alifikiri kidogo, akampa. Tangu siku hiyo kila mgonjwa wetu hushika kitufe chake, na chumba kile tunakiita Shindano. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa hapa, ingawa ripoti za kliniki zinasema tu kwamba malalamiko yamepungua.

Mganga hajigangi. Miaka yote ya kukandamiza migongo ya watu ilimharibia bega la kulia, naye hakumwambia mtu, kwa sababu anaogopa sindano kuliko mtoto wa chanjo. Mambo yalifichuka mwezi huu, Julienne alipompima gomesi, gauni la sherehe hii ya kumuaga, na ule mkono ukakataa kupanda. Anakokwenda, Kitgum, shamba la ufuta linamngoja, na jembe haliinuliwi kwa mkono mmoja. Julienne aliweka mkasi chini. Alisema gomesi litabaki na mkono mmoja mpaka mwenyewe apigwe shindano.

Basi Mama Concy akalala kwenye kitanda chake mwenyewe cha tiba. Aliyechoma ni mwandishi wa wasifu huu, Oola, aliyefundishwa naye. Julienne alikaa upande wa kichwani. Kitufe alikishika Mama Concy kwa mkono wa kushoto. Kisha akakibonyeza. Bega likaanza kucheza, akacheka, akaongeza, akatuamuru tuache kumtazama. Alirudi tena mara mbili, bila kuburutwa.

Tutamkosa sana, pamoja na amri zake. Wahudumu waliobaki wanazungumza kwa upole mno, na wagonjwa husinzia kitandani wakakataa kuamka.

Asante, Mama Concy, kwa mikono yako. Tunakuombea maisha mema huko Kitgum, mvua ya kutosha na ufuta mwingi. Gomesi limekamilika, pande zote mbili. Utakapotupungia kwaheri leo, tafadhali tupungie kwa mkono wa kulia.