Mayai ya Mama Kutoka Mbeya

Mama mwenyekiti, wazee wote wa jumuiya, shikamooni. Nimeombwa niwe mfupi. Wanaonijua naona wanacheka. Wacheke kabisa, ndipo nianze.

Nina diploma ya ufugaji. Nimefanya kazi Muscat kwenye shamba la kuku kubwa kuliko kijiji hiki, nikarudi nikajenga nyumba kwenye kihamba cha marehemu mama, shamba letu la ukoo. Mashine ya kutotolesha vifaranga niliiunda mwenyewe: mbao, taa, feni, na betri ya kusaidia umeme ukikatika. Nayasema bila aibu, na kabla sijakaa nitayasema tena.

Lakini leo nimesimama kwa sababu ya sauti.

Mama alifuga kuku wa rangi ya majivu, wenye kishungi kichwani. Mnaowakumbuka mnatikisa vichwa. Alifariki mimi nikiwa Muscat, na muda si mrefu ugonjwa wa kideri ukapita, ukamaliza banda lote. Nilirudi nikakuta kaburi na banda tupu. Sikumzika mama, ndugu zangu. Nikasema, basi angalau kuku wake nitawarudisha. Dada yangu aliolewa Mbeya, na siku ya harusi mama alimpa matetea na jogoo. Uzao wao ulikuwa bado uwanjani kwake. Kwingine hawakuwepo.

Dada akayapanga mayai kwenye ndoo yenye pumba za mpunga, akayapandisha basi. Basi likaharibika njiani. Nilipoyapokea stendi ya Moshi na kuyapima kwa mwanga, hewa ya ndani ilikuwa inachezacheza kwa kutikiswa. Yai lililosafiri halitiwi kwenye joto papo hapo. Husimamishwa kwanza, upande butu juu, litulie. Nilijua hilo kuliko jina langu. Lakini nilikuwa nimepanga waanguliwe Krismasi, ukoo mzima ukiwepo, na basi lilikuwa limeshanilia muda. Nikayatia siku ile ile.

Krismasi ya kwetu mnaijua. Hata aliyeko mwisho wa dunia hurudi mlimani. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, pombe ya mbege imejaa, na mchana vifaranga wakaanza kulia ndani ya maganda.

"Njooni msikie kuku wa mama!" nikaita.

"Mtaalamu, fungua tuone," akasema shemeji. "Au umeficha redio humo?"

Nikafungua. Akaja baba mkubwa, anayesikia kwa sikio moja, akataka kusogea karibu, nikafungua. Wajukuu wakapanga foleni. Binamu wa Dar akapiga video, haikutoka vizuri, akaomba apige tena. Kila mlango ulipofunguka unyevu ulitoka na baridi yetu ikaingia. Na kifaranga anayetoboa ganda bila unyevu, utando humkaukia. Nilijua. Nawaambia, nilijua, lakini watu walikuwa wananitazama kwa namna niliyoiota miaka yote ya Muscat.

Jioni sauti zikapungua. Ikabaki moja. Uwanjani watu walikuwa wanaimba, na mimi nilikuwa na ile sauti peke yangu, mpaka ikakoma.

Kesho yake nilipasua maganda chini ya migomba. Walikuwa kamili. Kucha, manyoya, hata dalili ya kishungi. Utando ulikuwa umewabana kama sanda. Nikawafukia pembeni mwa kaburi la mama, penye ule mmea wetu wa masale.

Tangu hapo birika likichemka, nasikia kifaranga. Bawaba ya geti, kifaranga. Kinanda kikipanda juu kanisani, natoka nje. Mkadhani nimegombana na kwaya. Nikaifunika mashine kwa shuka. Nikaacha kuja hapa jumuiya. Mkija kunigongea nilikaa ndani kimya, nikihesabiwa kwamba nina majivuno. Majivuno ninayo, lakini siku zile haikuwa hayo.

Kwaresima dada akapiga simu.

"Kaka, kideri kimefika huku. Nimebaki na tetea mmoja, na jogoo amekufa jana. Mayai yaliyopo ndiyo ya mwisho. Nikutumie?"

"Kaanga ule."

"Unasemaje?"

"Sitaki kuwasikia tena."

Akakata. Nikadhani yamekwisha. Siku chache baadaye mama mdogo, mdogo wake mama, akasukuma mlango bila hodi. "Ndoo ya dada yako iko stendi," akasema. "Vaa viatu."

Safari hii mayai niliyapokea kama tunavyompokea mgeni: haulizwi neno kabla hajakaa na kunywa kitu. Niliyasimamisha jikoni, yakatulia mpaka kesho yake, ndipo nikayatia.

Wakati wa kuanguliwa ulipofika, mama mdogo aliweka kigoda chake mbele ya mlango wa mashine, akakaa, akaanza kumenya ndizi za mtori. Sauti zikaanza. Kisha zikanyamaza.

"Mama mdogo, wamenyamaza."

"Na wewe nyamaza."

"Wanakufa! Sogea nifungue."

"Diploma yako inasemaje?"

Nikamwambia: kifaranga akishatoboa ganda hupumzika muda mrefu kabla ya kutoka.

"Basi unajua. Menya ndizi."

Nikamenya. Kile kimya, ndugu zangu, sijawahi kubeba mzigo kama kile. Ndani yake nikauliza nililokuwa sijawahi kuthubutu.

"Mama aliniita?"

Kisu chake kikasimama. "Hakuita mtu. Alinyamaza tu, baba. Nilikuwa nimemshika mkono. Hakuwa peke yake."

Nililia na ndizi mkononi. Tulikuwa bado tumekaa hivyo ganda la kwanza lilipopasuka.

Waliotoka ni wachache. Wasiotoka wamelala pale pale penye masale. Lakini mkipita kwangu asubuhi mtamsikia jogoo mwenye kishungi, na mkimtazama mtasema ni yule wa mama.

Namshukuru dada, ambaye hakuyakaanga. Namshukuru mama mdogo na kigoda chake. Nawashukuru ninyi mliokuja kugonga mlango nisioufungua, mkaja tena. Ninachoweza kuwapa ni hiki: mtu wako akinyamaza, usimfunue kwa nguvu, wala usimkimbie. Kaa mlangoni pake.

Na mashine, niliiunda mwenyewe.

Wale wa Krismasi bado nawasikia. Hapo jikoni naona birika la chai limeanza kuchemka. Mkiniona nimenyamaza, msiniulize. Kaeni tu na mimi. Asanteni. Aika.