Droo ya Ndege na Jiwe la Chemchemi

Sogeeni wanangu, nawe kifungua mimba usisimame mlangoni kama askari, kaa, maana pumzi nilizobakiwa nazo ni chache na nyingi ni zako.

Nyumba hii nimempa dada yenu, asije mtu kumsumbua. Visu vyangu vya kazi na sindano ni vya kitinda mimba, ingawa najua atakatia vitunguu. Cheka mwanangu, sikukatazi.

Sasa jiwe, kifungua mimba. Kuta hizi ni nyembamba, nimesikia umekubaliana na wapasua mawe waje Jumamosi na mashine yao, na kwamba ile kuvumwani, yale majani mafupi yaliyolitanda jiwe letu pale chemchemi, umeiita uchafu. Mtaalamu wa mimea alikuja akaipima, akatuambia haijaonekana ikiota kwingine. Wewe ukapiga miayo.

Miaka thelathini nimechuna ndege wa makumbusho, nikawajaza pamba na kuwafunga vikaratasi miguuni. Mnamkumbuka yule mwenye kifua cha rangi ya chungwa, mkaniuliza mbona hatumsikii msituni? Niliwadanganya kwamba amehama. Droo ya makumbusho, wanamowalaza ndege waliokaushwa, ilitaka dume na jike. Nilimpiga dume asubuhi, na jike hakukimbia, alishuka akawa anamwita mwenzake pale chini, nami nikapakia risasi nyingine, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi mbili, na nilidhani bonde la pili wako tele. Nilikwenda bonde la pili. Hawakuwepo, na hawajasikika tena popote. Naona haya, wanangu, naona haya hadi leo.

Yule alikuwa na mabawa, na wimbo uliowafanya watu waulize amekwenda wapi, na bado tulimmaliza. Hii kuvumwani haiimbi wala haina pa kukimbilia, na ikiisha hata mtoto hatauliza.

Nipeni maji. Basi, yatosha.

Jiwe nakuachia wewe, kifungua mimba. Msitazamane, nimesema yeye. Ningempa dada yako ungemnunia, halafu ungelipasua nikishazikwa. Siku ile ya ndege, mimi hakuna aliyenishika mkono. Wewe nimekushika, unausikia mkono wangu? Jumamosi utakuwa pale peke yako na watu wale, na utakuwa unajua.

Mungu awape... awape maji ya kunywa nyote, na msikosane. Mnizike karibu, si juu ya chemchemi. Na wewe, mkono... usiuachie kwanza.