Mama Ndoo, Aliyepima Maji ya Mtaa Wake

Dada yetu alifariki dunia Jumanne iliyopita, tarehe 4 Machi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, katika wodi ya wagonjwa wa figo ya hospitali kuu, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, mumewe akiwa upande mmoja wa kitanda na mama mkwe wake upande wa pili.

Alizaliwa tarehe 17 Agosti 1971 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mkunga. Alianza shule ya msingi mwaka 1979, katika shule iliyopakana na karakana, akaingia sekondari ya bweni mwaka 1986, na mwaka 1992 akajiunga na chuo kikuu kusomea uhandisi wa maji, katika darasa lililokuwa na wasichana wawili tu, na yule wa pili, ambaye yupo nasi hapa, anasema walikaa pamoja miaka minne na hawakuwahi kukubaliana juu ya jibu lolote kabla ya kwenda kulipima.

Februari 1997 aliajiriwa na halmashauri ya mji katika idara ya mitaro. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kurekebisha taa za ofisi yao na kurudi mara tatu kuzikagua, ingawa zilikuwa zinawaka vizuri, dada yetu akahamia mtaa huu katika nyumba ya mama mkwe wake, na wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza mwaka 2000, ambaye sasa ni mwalimu, na wa pili mwaka 2004, ambaye anasomea uuguzi.

Mwaka 2016 halmashauri iliamua kwamba katika mitaa kumi na mmoja haitapanua tena mitaro ya zege, ambayo ilikuwa ikifurika kila masika, bali itachimba kando ya barabara mabonde ya kina kifupi na kuyapandia nyasi na vichaka, ili maji ya mvua yaingie humo, yanywewe na ardhi, yasikimbilie nyumba za chini. Dada yetu alikabidhiwa kazi ya kupima kama mabonde hayo yanafaa, na vifaa vyake vilikuwa pete pana ya chuma aliyoikita udongoni, ndoo, saa na kigoda, akimwaga maji ndani ya pete na kukaa kuyatazama yakididimia. Hapo ndipo alipopata jina la Mama Ndoo, na wapita njia hawakumwacha, wakimuuliza, "Mama, wenzio tunapanga foleni bombani, wewe unayamwaga halafu unayakodolea macho?" naye akijibu bila kugeuka, "Nayasindikiza."

Bonde la mtaa huu alilipima mwaka 2017 na kulipatia alama ya kufaulu. Machi 2020 mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi adhuhuri, bonde likajaa, maji yakasimama, kisha yakaingia katika nyumba nne za chini, ikiwemo ya fundi cherehani, aliyepoteza mashine moja na vitambaa vya wateja. Fundi alifika mlangoni kesho yake, suruali imekunjwa hadi magotini, akasema, "Shemeji, ulituambia ardhi itakunywa. Imekunywa ikalewa, ikaja kututapikia sisi." Wiki hiyo hiyo halmashauri ilitangaza kuwa mabonde yote yatafukiwa na mitaro ya zege irudishwe.

Alichukua kigoda chake, akakaa kando ya bonde asubuhi kadhaa, na alichokiona hakikuwa kwenye michoro yoyote ya idara. Mtaa huu unasifika kwa usafi, na kila kulipokucha wanawake walifagia nyua zao, wakausogeza mchanga na vumbi hadi barabarani, na kutoka barabarani hadi bondeni, ambako vumbi lilishuka na kuziba matundu ya udongo, na aliyeongoza kwa ufagio alikuwa mama mkwe wake. Kumwambia haikuwa kazi nyepesi. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, nimeolewa hapa wewe hujazaliwa, leo nifundishwe kushika ufagio?" Dada yetu alichimbua kipande cha bonde hadi kwenye udongo laini, akakita pete mbili, moja hapo na nyingine penye vumbi, akamwaga ndoo mbili, akampa mama kigoda. Pete ya kwanza ilikauka, ya pili ikabaki kioo cha maji. Mama alizitazama zote mbili, akauliza, "Haya, na hilo vumbi nilipeleke wapi?"

Swali hilo liliingia katika ripoti yake ya mwaka 2021, ambamo aliandika kwamba mabonde yameshindwa, likiwemo la mtaa wake, kwamba yeye mwenyewe alilipitisha kimakosa kwa kuwa alipima udongo mpya na hakupima desturi za watu, na kwamba kila bonde lijengewe mdomoni kishimo cha mawe cha kunasa mchanga, kinachochotwa kwa karai kila wiki. Mkuu wake wa kazi alimwambia, "Bibie, unajichongea," naye akasema ni afadhali ajichongee kwa karatasi kuliko fundi aogelee. Halmashauri ilikubali kuzoa vumbi lililoziba mabonde, kujenga vishimo hivyo na kuwaachia wakazi kuvichota, kisha kusubiri mvua kubwa nyingine kabla ya kuamua, na mvua za miaka iliyofuata zikawa haba.

Juni 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu mara mbili, baadaye mara tatu kwa wiki, na siku ya kwanza tu alimuuliza muuguzi kichujio cha mashine huziba baada ya muda gani na nani hukipima. Aliendelea na kazi hadi Novemba mwaka jana. Alipolazwa mara ya mwisho, mwezi Februari, aliwaagiza wenzake kwamba mvua ikija wasimtume rafiki yake yeyote kupima, wamtume yule mkaguzi aliyekuwa akimpinga vikaoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopokezana kumpeleka hospitali, akiwemo fundi cherehani, ambaye ndiye aliyeshona nguo aliyovishwa dada yetu leo, na wafanyakazi wenzake wa idara ya mitaro.

Mvua kubwa ilinyesha juzi, Alhamisi, tangu saa tisa alasiri hadi usiku. Jana asubuhi mkaguzi alipita mitaa yote kumi na mmoja, akakuta mabonde saba yamekauka, likiwemo la hapa, na nyumba nne za chini hazikuingia maji, na akakuta mabonde manne, ambayo vishimo vyake havikuwa vimechotwa, yamefurika. Saa kumi jioni halmashauri ilitoa uamuzi kwamba mitaa saba itabaki na mabonde yake, na minne itarudishiwa mitaro ya zege.

Pumzika, Mama Ndoo, kwa amani.