Risala ya Mafundi wa Seva wa Kihonda Kuhusu Skrini Inayochelewa

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mifumo kutoka makao makuu. Meneja wa kituo. Wafanyakazi wenzetu: shikamooni mliotutangulia, na wengine habari za asubuhi.

Karibu Kihonda. Tunashukuru umefika mwenyewe, kwa sababu barua zetu nne hazijajibiwa.

HISTORIA

Sisi ni mafundi saba. Tunatunza seva kumi na tisa, kompyuta zinazohifadhi kumbukumbu za wagonjwa, zilizo kwenye zahanati za shirika letu, milimani Uluguru. Zamani seva ikikwama, tulipanda. Mwenzetu Stambuli alipanda hadi zahanati ya Mlulu mara sita msimu mmoja wa mvua, mara ya mwisho akiwa na betri mgongoni. Tangu mwaka juzi tunaingia kwenye seva tukiwa hapa: skrini ya kule inaonekana kwenye kompyuta zetu, tunachapa amri, seva inatii. Wengi wetu hatukusomea kazi hii darasani. Tulijifunza wenyewe, polepole.

MAFANIKIO

Tunalo moja, na tulinyang'anywa.

Mwezi Machi tulipima. Herufi tukiichapa hapa, ilichukua sekunde kumi na moja kuonekana. Tulitafuta sababu wiki mbili bila kumlaumu mtu. Tukaikuta: nembo ya shirika inayozunguka kwenye skrini ya kila seva, iliyowekwa kwa agizo la makao makuu. Kila inapozunguka, picha nzima inatumwa upya kupitia laini nyembamba ya mtandao wa simu, na herufi zetu zinasubiri nyuma yake.

Kwenye seva ya zahanati ya Hewe tuliondoa nembo, tukapunguza rangi, tukabaki na maandishi matupu. Herufi ikatokea chini ya sekunde moja. Siku ya tatu ofisi yako ikairudisha nembo, na kutuandikia kwamba tumeharibu "mwonekano wa shirika". Mgeni rasmi, seva ya Hewe imefungiwa ndani ya kabati la chuma. Anayeuona mwonekano huo ni mjusi.

CHANGAMOTO

Tarehe 14 Mei mwenzetu Hosiana alikuwa anawasha upya programu ya kadi za kliniki za watoto kwenye seva ya Mlulu. Akabonyeza herufi ya kukubali. Skrini ikabaki vilevile. Akahesabu hadi kumi, akabonyeza tena. Kumbe ile ya kwanza ilikwishafika, na ya pili ikajibu swali lililofuata, ambalo hakuwa ameliona: kufuta kadi.

Nesi Raya akapiga simu kutoka Mlulu. Sote tulimsikia.

"Dada Hosi, kadi za watoto zimeenda wapi? Nina akina mama thelathini hapa nje!"

"Subiri, Raya. Mimi huku bado naziona, skrini haijabadilika."

"Unaziona wapi, mwenzangu? Huku peupe!"

Kadi za wiki tatu, ambazo hazikuwa na nakala, zilipotea. Akina mama walipanda tena na makaratasi yao ili ziandikwe upya, wengine na watoto wenye homa. Hatulifanyi jambo hilo kuwa dogo. Lakini Hosiana amesimamishwa kazi kwa "uzembe", na Ijumaa hii kamati ya nidhamu inakaa kumfukuza. Barua aliyopewa ina nembo hiyohiyo juu. Kwenye karatasi angalau haizunguki.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi mengi. Tumeyafuta, yamebaki mawili.

Nembo iondolewe kwenye seva zote. Ni kazi ya asubuhi moja, na hakuna cha kununua.

Hosiana arudi kazini kabla ya Ijumaa. Tumeulizana wenyewe kwa wenyewe, na hakuna hata mmoja ambaye hajawahi kubonyeza mara mbili. Kasimiri amekiri mara nne. Mimi Editha, ninayesoma risala hii, nimeacha kuhesabu. Tofauti yetu na Hosiana ni swali lililofuata tu. Kama huo ni uzembe, kamati iandike barua saba.

Mgeni rasmi, hapa mbele yako tumesimama sita. Hosiana yuko nje ya geti. Mlinzi ana agizo asimruhusu kuingia. Tukimaliza kusoma tutatoka kwenda kusimama naye. Gari lako litapita hapohapo. Tunaomba ushushe kioo, umuulize mwenyewe aliona nini kwenye skrini ile.

Mungu akufikishe salama kwa watu wako, na akupe subira ya kusikiliza.

Ni sisi,
Mafundi wa Seva, Kituo cha Kihonda, Morogoro