Mzee Kona wa Chumba cha Mashuka

Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu, Mzee Kona atavua aproni na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika sehemu ya ufuaji ya hospitali yetu. Kama umewahi kulazwa hapa, umelalia kazi ya mikono yake. Shuka alilolikunja lilikaa kona kwa kona, ndipo akapata jina hilo. Jina la kwao likabaki kwa mkewe na mhasibu.

Alikuja kijana mwembamba, shati limempwaya, maneno tele. Akapewa pasi kubwa ya mvuke. Hakutuambia kwamba ana kifafa. Alikwisha kufukuzwa kwenye duka la vitambaa na kwenye kiwanda cha mikate kwa sababu hiyo hiyo, na nyumbani kulikuwa na mke mjamzito. Wewe ungesema?

Mwezi wa pili akaanguka katikati ya vitoroli vya nguo chafu. Jamani, tuliyoyafanya siku ile si ya kusimuliwa mbele za watu, lakini nasimulia. Wawili walitoka mbio. Dereva alivua kiatu akamnusisha. Mpishi akaja na kijiko, anataka kumpanua meno. Na hii ni hospitali, madaktari wako ngazi moja tu juu yetu! Kona alipozinduka alisema kifafa anakijua tangu utotoni, lakini harufu ya kiatu cha yule dereva ilikuwa ugonjwa mpya.

Kesho yake kikombe chake kilitengwa dirishani, na msimamizi akamwambia aende nyumbani, atapigiwa simu. Sote tulijua simu hiyo haipigwi. Kona aliomba kitu kimoja tu: saa ya chai watu wote wabaki chumbani, msimamizi akiwemo.

Tuko na vikombe mkononi, akatandika shuka sakafuni, akalala chali. “Haya, nimeanguka. Nani anaanza?”

Hakuna aliyesogea. Akamwita msimamizi mwenyewe, na tai yake shingoni, akamwelekeza kutoka pale chini: ondoa vitu vitakavyoniumiza, niwekee kitu laini chini ya kichwa, legeza kola, usinikandamize, usinitie chochote mdomoni, tazama saa. Mtikisiko ukitulia, nilaze ubavu. Ukipita dakika tano, kamwite daktari. Msimamizi akamgeuza kwa pupa mpaka Kona akabingirika chini ya meza. “Bosi,” akaita kutoka kule, “mimi ni mfanyakazi wako, si gunia la viazi!” Hapo ndipo tulipocheka, na msimamizi akacheka hata akakaa sakafuni. Tukapita mmoja mmoja kumgeuza. Hakurudishwa nyumbani. Alihamishwa tu kutoka kwenye pasi kwenda meza ya kukunjia, na kikombe kikarudi kwa wenzake.

Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mnakutana, mnaachana, mnakutana tena, kama watu wanaocheza ngoma ya kimya. Ila ukiwa na Kona hakukuwa na kimya. Aliimba, alitania, alitangaza mpira ambao hakuutazama. Nilikuwa mshona viraka, lakini mwenzake asipokuja mimi ndiye niliyeshika ncha ya pili. Tangu nilipostaafu, hiyo ndiyo kazi ninayoikumbuka.

Msidhani mambo yalinyooka. Miaka ilipita hajaanguka, akajiona amepona, akaacha dawa bila kumuuliza daktari. Siku moja akaenda kumsaidia mwenzake kwenye pasi, akaangukia pale pale. Mkono wa kushoto ulibabuka, kovu analo hadi leo. Safari hii ofisi ya juu ikataka aondolewe kazini kwa ugonjwa. Nilikwenda kumwona wodini nikamwambia, “Wewe mwanamume, una watoto watatu na akili za kuku!” Akanyamaza. Kona, kunyamaza! Kisha akasema polepole, “Mama, wakinitoa kwa ugonjwa, nitabaki kuwa mgonjwa tu mpaka nife.”

Tulipanda ofisini chumba kizima, na aproni zetu zimelowa, zinachuruzika kwenye zulia lao. Msimamizi ndiye aliyesema: pasi hataigusa tena, na dawa tutamkumbusha sisi. Wakakubali, nadhani kwa ajili ya zulia.

Tangu hapo kila aliyemkuta asubuhi alimuuliza, “Umemeza?” Naye huwajibu vijana, “Nimemeza, na shikamoo yako iko wapi?” Wafanyakazi wapya wakadhani ndivyo tunavyoamkiana. Hata mimi, nikija kuwatembelea, naulizwa kama nimemeza. Naitikia tu.

Akapanda cheo, akawa kiongozi wa meza ya kukunjia. Alipopeleka mashuka wodi ya watoto, akikuta mama analia kwa kuwa mwanawe amegundulika ana kifafa, aliegesha kitoroli na kuketi. “Nitazame mimi,” alikuwa akisema. “Nina mke, nina wajukuu, nina kelele.” Mashuka yalichelewa, na hakuna aliyemgombeza.

Kifafa hakijaondoka. Mwezi uliopita alianguka karibu na rafu za foronya. Binti mmoja, ambaye hata hakuwa amezaliwa siku ile ya somo la sakafuni, alimwekea taulo chini ya kichwa, akatazama saa, akamlaza ubavu. Wengine wakaendelea kukunja. Alipofumbua macho aliuliza kama chai imekwisha.

Mzee Kona, tunakushukuru kwa mikono yako na kwa kelele zako. Dawa isikupungukie, wajukuu wakusumbue, na mkeo akustahimili utakapoanza kumkosoa namna anavyokunja nguo. Ijumaa ofisi itasoma mbele ya watu wote sababu ya kuondoka kwako, na sababu hiyo ni umri. Umezeekea kazini, mwanangu, kama ulivyotaka. Nenda kapumzike.